MWENYE LUPANGO NA MOTO WA MUGENI WAKE

Hotuba iliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na wakaaji wa muji



Juma lililopita, mukutano ulipokwisha, muzee mumoja alisimama akaniuliza neno. Alisema hivi: «Mimi niko na lupango. Nyuma ya nyumba yangu kuna mupangaji na watoto wake. Siku ya sikukuu mutoto wake anawasha fataki, cheche inaanguka juu ya nyumba ya jirani, nyumba inaungua. Nani atalipa? Ni mimi mwenye lupango, ao mupangaji, ao ni mutoto?»

Watu walicheka. Muzee hakucheka. Na mimi, nilipokuwa njiani kurudi nyumbani, niliona ya kuwa neno lake ni kubwa kuliko tulivyofikiri. Ndani yake kuna swali ambalo kila muji unapaswa kulijibu: je, ni haki mutu kuazibiwa kwa moto asiouwasha kwa mukono wake mwenyewe?

Leo nitajaribu kumujibu. Sitajibu kwa maneno ya hewani. Kuna inchi ambamo watu wamekwisha kuandika sheria juu ya jambo hili hili, wakazitumia, wakagombana juu yake. Ni jimbo la California, katika Marekani. Nitawaambia kwanza wao walifanya nini, kisha nitasema mimi ninaona nini.

FATAKI NI KITU GANI

Fataki ni baruti ndani ya karatasi. Wachina waliijua baruti zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na tangu wakati ule watu wanaitumia kwa vita, kwa kazi na kwa furaha. Ninyi wa migodi munaijua ile ya kazi. Fataki ni ndugu yake mudogo, lakini ni wa damu ile ile.

Rangi zake zinatoka wapi? Zinatoka katika madini. Nyekundu inatoka katika strontiamu, kijani katika bariamu, manjano katika sodiamu. Na ile ya buluu, wandugu, inatoka katika shaba. Ndiyo, shaba. Mutu wa mbali sana anapoinua macho usiku wa sikukuu na kuona ua la buluu limefunguka juu angani, anatazama shaba inayoungua.

Sasa sikieni jambo lingine. Kuna kijiti cha waya ambacho watu wanawapa watoto, kinatoa cheche nyeupe, nao wanasema: hiki ni kidogo, hiki hakina hatari. Moto wa kijiti kile unafika karibu digri 1100 za Celsius. Shaba inayeyuka kwa digri 1085. Ninyi munaofanya kazi kwenye tanuru munajua moto ule. Ni nani kati yenu angemupa mutoto wa miaka 5 kitu chenye moto wa namna hiyo akimbie nacho uani, akiwa na nguo zake za sikukuu?

SIKUKUU YAO NA SIKUKUU YETU

Marekani walitangaza uhuru wao tarehe 4 Julai 1776. Mwaka uliofuata, 1777, muji wa Philadelphia ulisherehekea siku ile kwa fataki, na tangu hapo desturi haikuacha. Kwa hiyo musifikiri ya kuwa mimi nimekuja kuzarau furaha ya watu. Sisi pia tuko na siku yetu, 30 Juni, siku nne tu mbele ya siku yao. Mutu aliyengoja uhuru anajua kwa sababu gani watu wanapenda kupiga kelele siku ile.

Lakini furaha ina hesabu yake. Serikali ya Marekani inaandika kila mwaka watu walioumizwa na fataki. Katika mwaka 2024 waliokufa ni 11, na walioumizwa hata wakahitaji daktari ni karibu 14,700. Walioumia mikono na vidole ndio walikuwa wengi kuliko wote. Wandugu, mufanyakazi bila vidole ni mufanyakazi wa namna gani? Mikono ndiyo mushahara wetu.

Tena kuna nyumba na majani. California iko na kiangazi kirefu kama sisi wa Katanga. Miezi inapita bila mvua, majani yanakuwa kama karatasi. Tarehe 5 Septemba 2020, karibu na muji wa Yucaipa, jamaa moja ilikutana katika bustani ya watu wote ili kutangaza kama mutoto atakayezaliwa ni wa kiume ao wa kike. Waliwasha chombo cha moshi wa rangi. Si bomba kubwa, ni moshi tu. Moto ukashika majani. Ukala zaidi ya hektari 9,000, ukaendelea majuma mengi, na mumoja wa wazima-moto akafa ndani yake. Mwaka 2024 baba ya mutoto yule alihukumiwa mwaka mumoja wa kifungo, na wazazi wakaamriwa kulipa zaidi ya dola 1,700,000.

Ni jamaa gani ya wafanyakazi inayoweza kulipa deni kama lile? Na hata ikilipa, nani atamurudisha yule aliyekufa? Ndiyo maana sheria nzuri haingoji moto uwake ndipo imutafute wa kulipa. Inakuja mbele ya moto.

NAMNA SHERIA ZAO ZINAVYOFANYA KAZI

Katika California sheria ziko mbili, moja juu ya nyingine, kama ghorofa.

Ya kwanza ni ya jimbo lote. Inagawanya fataki katika mafungu mawili. Fungu moja ni la hatari: zile zinazoruka juu na zile zinazopasuka. Hizo ni marufuku kwa mutu wa kawaida. Fungu la pili ni zile zinazokaa chini na kutoa cheche bila kuruka. Hizo zinapigwa muhuri wa mukubwa wa wazima-moto wa jimbo. Zinaweza kuuzwa kutoka saa sita ya muchana ya tarehe 28 Juni hata saa sita ya muchana ya tarehe 6 Julai. Mutu asiyetimiza miaka 16 haruhusiwi kuuziwa.

Ya pili ni ya kila muji. Jimbo likisema «inaweza kuuzwa», muji bado una haki ya kusema «hapa kwetu hapana». Los Angeles imekataza zote, hata zile zenye muhuri. San Jose vilevile. Sacramento inaruhusu zile zenye muhuri tu. Munaona ya kuwa hakuna aliyekaa mbali akaamua kwa ajili ya wote. Baraza la muji, lililochaguliwa na wakaaji, linatazama majani yake, nyumba zake, barabara zake, kisha linaamua.

Lakini mabaraza yale yalikuta taabu moja. Polisi anaitwa usiku. Anafika. Uani kuna watu 30, moshi umejaa, karatasi zilizoungua ziko chini. Anauliza: nani aliwasha? Kila mutu anasema: si mimi. Mwenye nyumba anasema: mimi nilikuwa jikoni. Polisi hakuona mukono. Bila mukono hakuna mwenye kosa. Anarudi bure, naye akifika mwisho wa barabara anasikia fataki zimeanza tena nyuma yake.

Ndipo miji mingi ikaandika sheria mupya. Inasema: kama hatuwezi kumupata aliyewasha, tutamuuliza mwenye mahali. Katika Sacramento mwenye nyumba, ao mupangaji, ao mutu aliyewaita wageni, anaweza kulipishwa kwa fataki za marufuku zilizowashwa katika lupango lake, hata kama si yeye aliyeshika kiberiti. Azabu ni dola 1,000 mara ya kwanza, 2,500 mara ya pili, na 5,000 mara ya tatu ndani ya mwaka mumoja. Tena wazima-moto wamechukua ndege ndogo zisizo na rubani, zinazotazama kutoka juu na kuonyesha moto unatoka katika lupango gani. Barua ya kulipa inafuata.

UCHUNGU WA SHERIA HII

Sasa tufike kwenye mahali pa uchungu, kwani mimi sitaki kuwaficha kitu.

Sisi watu wa Kongo tuko na sababu ya kuogopa sheria inayomulipisha mutu kwa kosa la mwingine. Wazee wetu walijua sheria ya namna hiyo. Katika wakati wa Leopold wa Pili, tangu 1885 hata 1908, wanaume walipokosa kuleta mpira wa kutosha, wake zao walifungwa mpaka mpira ufike. Muke hakukosa neno. Alifungwa kwa sababu ya mume. Kijiji kizima kiliazibiwa kwa sababu ya mutu mumoja aliyekimbia porini. Mambo haya yaliandikwa, dunia yote ikayasoma.

Kwa hiyo kijana anaweza kusimama na kuniambia: «Wewe unatuletea tena sheria ya mpira, lakini sasa umeivika nguo ya fataki.»

Neno hili ni la nguvu, nami silikimbii. Lakini tutazame vizuri tofauti iko wapi.

Muke yule aliyefungwa hakuwa na uwezo wo wote juu ya mpira. Hakuweza kuuongeza wala kuupunguza. Hakuulizwa wakati sheria ilipoandikwa. Hakuwa na mahali pa kujitetea. Na mutu aliyemufunga hakuulizwa na mutu ye yote.

Mwenye lupango si kama yule muke. Yeye ndiye mwenye mulango. Anajua nani ameingia na mufuko gani. Anaweza kusema: «Hapa hapana.» Akinyamaza, kunyamaza kwake ni ruhusa. Ninyi watu wa baruti munajua jambo hili kuliko mimi. Katika mugodi mutu anayeshika ufunguo wa gala ya dinamiti anaandika kila kipande kinachotoka na kila kinachorudi. Kikipotea kipande kimoja hawezi kusema: «Mimi sikuwasha kitu.» Hakuna anayemuuliza kama aliwasha. Anaulizwa kama alichunga. Ufunguo ndio unaomufanya aulizwe.

Basi hili ndilo jibu langu: ni haki kumuuliza mwenye mahali, lakini ni haki kwa masharti matatu. Likikosekana moja, ile sheria inarudi kuwa sheria ya mpira.

SHARTI LA KWANZA: AULIZWE ALIYE NA UFUNGUO

Mwenye nyumba anaweza kukaa Likasi, na nyumba yake iko Kolwezi, na ndani yake kuna mupangaji aliyelipa mwezi wake. Siku ya sikukuu nani ni mwenye mulango? Ni mupangaji. Kama sheria inamuruka mupangaji na kumukamata muzee aliye mbali, ambaye hakujua na hakuweza kujua, sheria ile imefuata feza, haikufuata kosa.

Lakini kama muzee aliandikiwa barua mara ya kwanza, akaambiwa: «Katika lupango lako watu wanawasha moto wa hatari,» naye akaikunja barua akaiweka mufukoni, akaendelea kupokea feza za kila mwezi, basi mara ya pili yeye pia yuko ndani ya kosa. Amejua. Mutu aliyejua na akanyamaza hawezi kusema alikuwa mbali.

Na mutoto? Mutoto yuko na baba na mama. Hao ndio wa kwanza kuulizwa, kwa sababu mutoto hakununua fataki kwa mushahara wake.

SHARTI LA PILI: APATE NAFASI YA KUJITETEA

Ndege ndogo inaweza kukosea. Moshi wa lupango moja unaingia katika lupango la pili. Jirani mubaya anaweza kumuchongea mwenzake. Kwa hiyo barua ya kulipa haiwezi kuwa mwisho wa mambo.

Katika California mutu aliyelipishwa azabu ya namna hii na muji ana haki kuomba asikilizwe. Analeta mashahidi wake na maneno yake. Akishindwa pale, anaweza kupeleka shauri mbele ya tribinali. Hii ni dawa ya sheria yote. Sheria inayoazibu bila kusikiliza ni fimbo tu, hata ikiandikwa kwa karatasi nzuri.

Mimi ningeongeza neno moja. Mwenye lupango aliyewaambia wageni waache, nao wakakataa, naye akaenda mwenyewe kuita polisi, huyo asilipe hata makuta moja. Kama tukimuazibu mutu aliyetuita, kesho hakuna atakayetuita.

SHARTI LA TATU: SHERIA IWASHIKE WAKUBWA PIA

Hapa ndipo ninaomba masikio yenu yote. Nitawaambia habari mbili za California, nanyi mutapima wenyewe.

Ya kwanza ni ya 30 Juni 2021. Ndiyo, siku ya sikukuu yetu. Upande wa kusini wa muji wa Los Angeles, katika mutaa wa watu wa kazi, polisi walikuta katika lupango la nyumba moja karibu kilo 14,500 za fataki. Fikirini: zaidi ya tani 14, katikati ya nyumba za watu, na watoto wanalala nyuma ya ukuta. Zile nyingi zilipakiwa na kupelekwa mbali. Lakini vipande vingine vilionekana vibaya kwa kuvisafirisha, basi wataalamu wa baruti wa polisi wakaamua kuvipasua pale pale, ndani ya chombo kikubwa cha chuma kilichofanywa kwa kazi hiyo. Chombo kile kilikuwa na kipimo chake. Wale wataalamu hawakupima baruti kwa mizani. Walikadiria kwa macho. Wakatia kupita kipimo. Chombo chenyewe kikapasuka. Watu 17 waliumia, polisi na wakaaji, nyumba na magari vikavunjika, na jamaa nyingi zikatoka katika nyumba zao, zingine kwa muda murefu sana.

Yule aliyeweka fataki alifungwa miezi 5. Ilikuwa haki aulizwe. Lakini watu wa mutaa waliuliza pia: na wale waliokadiria kwa macho? Swali lao lilikuwa la haki. Mufanyakazi wa mugodi akikadiria baruti kwa macho, na mwenzake akafa, kapita hamwambii: «Haizuru, umejaribu.»

Ya pili ni ya 1 Julai 2025, karibu na muji mudogo wa Esparto, katika wilaya ya Yolo. Hapo palikuwa na gala la fataki kubwa, zile za sherehe za miji. Lilikuwa shambani. Siku tatu mbele ya sikukuu lilipasuka. Wafanyakazi 7 walikufa, wengi wao vijana. Walikuwa wakitayarisha furaha ya watu wengine. Miji kadhaa iliacha sherehe yake mwaka ule. Na shamba lile, mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa mukubwa mumoja wa polisi wa wilaya ile ile. Wakaaji waliuliza: gala kama hilo liliwezaje kukaa pale, na nani alilitazama?

Wandugu, wekeni habari hizi mbili pamoja na ndege ndogo ya Sacramento. Cheche ya uani inaonekana kutoka juu, na mwenye nyumba anapata barua ya dola 1,000. Lakini cheche ya uani haiwezi kuua wafanyakazi 7 kwa mara moja. Tani za baruti katika gala zinaweza. Kama sheria ina macho makali juu ya mutu wa chini, na ina usingizi juu ya mwenye gala na mwenye shamba, hiyo si sheria ya usalama. Ni kodi ya maskini.

Neno «mwenye lupango aulizwe» ni neno zuri. Basi liende mpaka mwisho. Limuulize muzee mwenye ua mudogo, limuulize na bwana mwenye shamba kubwa. Limuulize kampani inayoweka baruti karibu na nyumba za wafanyakazi. Limuulize na ofisi iliyotoa ruhusa, ao iliyofumba macho pasipo ruhusa. Mutu akiwa na ufunguo mukubwa zaidi, maswali yake yawe makubwa zaidi.

JIBU KWA MUZEE

Sasa ninarudi kwako, muzee wangu.

Uliniuliza: nani atalipa? Ninakujibu hivi. Kama wewe uliruhusu, wewe utalipa. Kama uani umemukodisha mupangaji na ufunguo ni wake, mupangaji atalipa kwa ajili ya mutoto wake. Kama ulionywa ukanyamaza, mutalipa wawili. Na kama ulisema hapana mbele ya mashahidi, ukazuia, ukaita musaada, wewe uko mweupe, na mutu akikulipisha tutakuja pamoja nawe mbele ya tribinali.

Lakini, muzee, kuna kitu kilicho bora kuliko kujua nani atalipa. Ni kufanya hata asiwepo wa kulipa. Kwa hiyo ninawaachia ninyi wote kazi ndogo, mwenye nyumba na mupangaji pamoja.

Moja. Mbele ya sikukuu, mwenye lupango awaite wapangaji wake, aseme wazi mbele ya wote nini kinaruhusiwa na nini hapana. Neno lililosemwa mbele ya mashahidi linamusaidia kila mutu siku ya taabu.

Mbili. Hakuna kuweka baruti ya namna yo yote ndani ya nyumba wanamolala watu. Si chini ya kitanda, si jikoni, si katika chumba cha mugeni. Tarehe 16 Machi 2021, katika muji wa Ontario, huko huko California, fataki zilizowekwa katika lupango la nyumba zilipasuka, watu wawili wakafa, na nyumba za jirani zikaharibika.

Tatu. Mahali penye moto wa furaha, pawe na ndoo ya maji na ndoo ya muchanga. Katika kiangazi, palipo na majani makavu, moto wa furaha usiwepo kabisa.

Nne. Fataki ikikataa kuwaka, mutu asiirudie na kiberiti, wala asiinamie kuitazama. Ninyi wa migodi munajua sheria hii: tundu la baruti lisilolipuka haliendewi mbio. Ngojeni dakika 20, kisha mwagieni maji mengi. Wafundisheni watoto wenu jambo ambalo ninyi mulifundishwa kazini.

Tano. Kama siku moja baraza la komini yenu linataka kuandika sheria juu ya jambo hili, musingoje barua ya kulipa ndipo muulize. Endeni siku ile inapoandikwa. Ulizeni maneno matatu: nani ana ufunguo? Aliyelipishwa atasikilizwa wapi? Na mwenye gala kubwa, sheria inamushika kwa ginsi gani? Wakijibu yote matatu vizuri, ikubalini na muifuate. Wakishindwa kujibu moja, waambieni waiandike tena.

Baba zetu walilipishwa kwa makosa ya wengine, na hakuna aliyewauliza. Sisi tunaweza kukubali kuulizwa, lakini kwa sheria tuliyoisikia, tuliyoipima, na inayomuuliza kila mwenye ufunguo, mudogo na mukubwa. Mutu akiniambia ya kuwa jambo hili ni dogo kwa sababu linahusu michezo ya watoto, nitamujibu ya kuwa wale 7 wa Esparto walikwenda kazini asubuhi kama ninyi munavyokwenda, na jamaa zao ziliwangoja jioni.

Mwenye kujua kusoma amusomee jirani yake. Na muzee wangu, juma lijalo ukae mbele, kwani ninajua uko na swali lingine.